Kwenda Walikale kwa Kamioni, Wakati wa Mvua

Ndugu msomaji, chukua ramani ya Kivu ya Kaskazini uitazame. Masisi na Walikale zinagusana. Masisi ni ndogo, kilomita za mraba 4,734, milima na malisho ya ng'ombe, tena baridi ya kuvaa koti hata mchana. Walikale ni karibu mara 5 ya hiyo, kilomita za mraba 23,475, na sehemu kubwa ni pori lenye joto. Maji ya mvua ya Masisi, mengi yake, yanajua njia: yanateremka mpaka mto Lowa, na Lowa unapita Walikale kwenda kuingia Lualaba. Watu ndio wanaozunguka.

Mimi nilizunguka Oktoba 2011. Nilikwenda kumwona rafiki yangu. Tuliketi benchi moja shuleni Masisi mpaka Machi 1993, wakati mauaji yalipoanza sokoni Ntoto, upande wa Walikale, na ule moto ukafika kwetu. Nyumbani kwao walisema lugha yao, kwetu tulisema yetu, na shuleni tulichanganya Kiswahili na Kifaransa. Sisi watoto hatukujua kwamba lugha ya nyumbani inaweza kumkimbiza mtu. Wao walikimbia upande wao, sisi upande wetu. Miaka 18 nilipata habari zake kwa vipande tu: yuko hai, yuko Walikale, anachimba. Halafu siku moja simu ikaita.

Njia fupi ni ya kupitia Nyabiondo. Watu walinishauri niiache, kwa ajili ya matope na ya wenye bunduki. Basi nikateremka Lushebere, Katale, Mushaki, Sake, mpaka Goma. Nikapanda meli usiku kwenda Bukavu. Na kule nikatafuta kamioni. Mama yangu alinipa jibini nzima ya Masisi, ile tunaita fromaji, akasema: «Umupatie. Yule mutoto alikula kwangu.»

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wenye magari yaliyo nyumba, kitanda na jiko ndani, ambao wakati wa theluji wanafunga safari kuwatembelea marafiki. Yetu ni kamioni. Chumba cha kulala ni juu ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni, paa ni bashi. Unapita Miti, unakata pori la Kahuzi-Biega, unafika Bunyakiri, halafu Hombo, mpaka wa Kivu mbili. Mbele ya Hombo ndipo unaelewa neno mvua. Kamioni inazama mpaka tumbo. Makonvuayeri wanachimba, wanakata miti, wanaiweka chini ya matairi. Gari linatoka, na baada ya mita 100 linazama tena. Tulilala usiku 6 namna hiyo. Bariere sizihesabu, ningeudhika bure.

Lakini mtu haishi usiku 6 juu ya magunia bila kupata ndugu. Kulikuwa na mama mmoja wa biashara ambaye, kuanzia Musenge, alikuwa mama yetu sote: alipika sombe ya watu 20 katika sufuria moja, na asiyechota maji hakuonja. Ukienda, ubebe tochi, chumvi, na kipande chako cha bashi. Ukiwa na kitabu cha nyimbo, ubebe nacho. Pale Itebero tuliimba mpaka shofere, ambaye alikuwa ametukana tangu asubuhi, akaimba sauti ya chini.

Njingala ndiko njia ya miguu inaingia porini kwenda Bisie. Kasiterite ilionekana kule mwaka 2002, na tangu hapo vijana waliitoa mgongoni, mzigo wa kilo 50, mpaka barabarani. Pale Kilambo ndege zilitua juu ya lami ya barabara yenyewe kuibeba kwenda Goma. Jiwe lilifika Goma kabla ya saa moja kwisha. Mchimbaji hakuwa na nauli.

Rafiki yangu aliningojea chini ya baraza la duka. Nilimtambua kwa masikio. Serikali ilikuwa imefunga machimbo Septemba 2010, ikayafungua Machi 2011, na mara wanunuzi wa nje wakaanza kukataa madini yasiyo na tiketi. Mifuko ililala. Aliniambia hivi: «Yaya, sikukuita juu ya franga. Niko naona haya kurudi mikono mitupu. Huku wanakuyaka wenye kununua tu. Mutu wa kunisalimia, ni weye wa kwanza.» Nikamtolea jibini. Ilikuwa imetoka jasho, ganda limeota ukungu. Alikula na ganda. Aliuliza kama Mama bado anaimba akikamua.

Usiku, kwa tochi, tuliandika darasa letu lote kwenye daftari. Majina 34. Mbele ya majina 11 tuliweka msalaba, mengine mimi nikimwambia, mengine yeye akiniambia, na kuna moja ambalo kila mmoja alidhani mwenzake ndiye angeweza kumpa habari njema.

Hakurudi nami. Alitoka machimboni kabla ya kampuni ya Alphamin kuanza kuzalisha bati pale Bisie mwaka 2019. Akaoa Itebero, akapanda mpunga. Januari 2025 M23 walipoingia Masisi-centre, yeye ndiye aliyepiga simu. Machi walipofika Walikale, kabla ya kuondoka Aprili, ilikuwa zamu yangu, na siku 9 simu yake haikupita. Siku ya 10 ilipita.

Majina 3 ya daftari hatujayapatia jibu. Ni darasa la 6, shule ya msingi, Masisi, mwaka wa 1992-1993. Kama uliketi humo, au baba yako, au mama yako, mpe katekista wako habari aifikishe kwenye gazeti hili.