Barua kutoka Norwei: Chatu na umeme usiokatika

Ndugu na dada zangu wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, huku Norwei kuna watu wanaofuga chatu sebuleni, tena kwa ruhusa ya serikali. Tangu miaka ya 1970 nchi hii ilikuwa imekataza watu kufuga nyoka, mijusi na kobe majumbani. Agosti 2017 ikaruhusu aina 19 tu, na mmoja wao ni mwenzetu wa Afrika, yule chatu mdogo ambaye wenye kusema Kifaransa humwita wa kifalme. Habari kama hii ikifika huko, wakubwa watacheka na kusema Wazungu wamekosa kazi, lakini kijana mmoja wawili watauliza pembeni: mtu anaanzaje kumfuga? Swali hilo linastahili jibu la kweli. Ukifuata hesabu yake mpaka mwisho utaona kwamba nyoka mwenyewe ndiye sehemu rahisi. Kinachogharimu ni joto lisilokatika na miaka mingi ya kukaa mahali pamoja, na vitu hivyo viwili hupatikana tu penye amani.

Tuanze na joto. Nyoka hajitengenezei joto mwilini kama sisi; hulitafuta nje, akisogea kutoka kivulini kwenda juani na kurudi. Ukimfungia ndani ya sanduku la kioo umemnyang'anya jua, kwa hiyo ni juu yako kumrudishia. Upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 31 mpaka 33, upande wa pili 25 mpaka 27, na kila upande uwe na pango dogo la kumbana mwili, maana mnyama huyu ni mwoga kupita kiasi: akishtuka hujikunja duara na kuficha kichwa katikati. Akiwa na pango moja tu, atachagua usalama na kuacha joto analolihitaji. Hewa iwe na unyevunyevu wa kutosha, la sivyo ngozi yake itabanduka vipandevipande. Chombo cha joto kifungwe kwenye kidhibiti kinachokizima na kukiwasha chenyewe, kwa sababu nyoka anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza tumbo asiondoke. Vyote hivyo vinatangulia, vinapimwa kwa siku kadhaa, ndipo nyoka aletwe. Wengi hufanya kinyume: wanamnunua kwanza kwa sababu bei yake ni ndogo, halafu wanagundua kwamba nyumba yake ina bei kubwa kuliko yeye.

Akishafika, aachwe atulie wiki moja hivi bila kushikwashikwa. Chakula chake ni panya waliokufa, wanaouzwa wakiwa wamegandishwa. Wanayeyushwa na kupashwa moto kidogo. Panya hai hatakiwi, kwa kuwa anaweza kumng'ata nyoka akamtia vidonda vibaya. Chatu aliyekomaa hula mara moja kwa wiki mbili au tatu, na anaweza kugoma kula kwa miezi bila kuwa mgonjwa, jambo ambalo huwatia wafugaji wapya wasiwasi wa bure, mradi tu asikonde.

Kisha kuna miaka. Chatu huyu anayetunzwa vizuri huishi miaka 20 au 30, na mmoja wa kike katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mayai mwaka 2020 akikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Huku, mikataba mingi ya nyumba za kupanga inakataza wanyama. Wakongo wengi waliofika Norwei kwa njia ya HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wamekwisha kuhamahama vya kutosha. Kabla ya kuahidi miaka 30 kwa nyoka, mtu ajiulize kama mwenye nyumba amemuahidi hata mitatu.

Nasikia mapingamizi, na si yote ya kupuuzwa. La kwanza ni la uchawi: nani hulala chumba kimoja na nyoka ila mwenye mambo yake? Lakini huko Ouidah, nchini Benin, chatu wa aina hii hii wana hekalu lao, na anayewaua ndiye mwenye makosa. Chatu huyu hana sumu, na mara nyingi hapiti mita moja na nusu. Msimpime kwa yule chatu mkubwa wa Afrika anayeweza kupita mita 5. Pingamizi la pili, la ugonjwa, nalichukua kwa uzito zaidi. Watu waliozika ndugu zao katika Ebola ya 2018 mpaka 2020 hawahitaji kufundishwa kwamba mnyama wa porini anaweza kuleta msiba nyumbani. Chatu huyu hajulikani kwa Ebola, ila hubeba salmonela, ndiyo sababu sabuni haina mjadala, na nyumba yenye mtoto mchanga ingefaa ingoje.

La tatu ndilo linalonishinda kulijibu kikamilifu: kwa nini kumfungia? Wafugaji husema huyu wa kwao amezaliwa sandukuni, na kwa wengi wao ni kweli. Lakini Togo, Benin na Ghana zimesafirisha chatu hawa kwa wingi mno kwa miongo mingi, wakiwemo wanaoanguliwa kutokana na mayai au majike waliochimbuliwa mashimoni porini. Faida kubwa ilikwenda kwa wazalishaji wa Marekani na Ulaya, waliopata nyoka wa rangi za ajabu na kuwauza kwa bei za ajabu. Aliyechimba shimo alibaki na makuta kidogo. Hata rangi hizo zina gharama: ukoo mmoja wenye madoa kama utando wa buibui huzaliwa na kasoro inayomfanya nyoka apepesuke kichwa maisha yake yote. Anayeanza na adai kuoneshwa alikozaliwa mnyama, na aukwepe ukoo huo hata akipewa bure.

Sasa, kijana wa Butembo je? Mji wenu uko juu kwenye baridi, zaidi ya mita 1,700, na kwa miaka mingi umeishi kwa jenereta ndani ya nchi yenye bwawa la umeme la Inga, wakati Norwei, yenye watu wachache mno kuliko Kongo, inawasha taa zake karibu zote kwa maji ya mito yake. Usiku mmoja bila umeme kwenye baridi ya Butembo unatosha kumdhuru mnyama wa nyanda za joto. Beni kuna joto zaidi, lakini tangu mauaji ya raia yaanze Oktoba 2014 ni familia ngapi huko zimeweza kupanga hata mwaka mmoja mbele? Mtu anayekimbia usiku hubeba watoto na sufuria. Tena sheria ya 2014 ya kulinda maumbile hairuhusu mtu kuokota tu chatu porini akamfanya wake. Kibali kinatakiwa.

Je, ina maana mapenzi ya nyoka tuwaachie Wazungu? Hapana. Kule kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro, Kivu Kusini, Profesa Chifundera Kusamba ametumia maisha yake ya kazi kuwachunguza nyoka, mijusi na vyura wa mashariki mwa Kongo, bila kuhitaji kuwaweka sebuleni. Kijana aliyeuliza pembeni anaweza kuanzia hapo: ajifunze nyoka wa msitu ulio nyuma ya kwao, yupi ana sumu na yupi hana, ili siku akiitwa na jirani mwenye panga mkononi aweze kusema, "Huyu mwacheni apite."