Mgeni Anachagua Chumba Kabla Hajafika

Ndugu msomaji, twende pamoja Pangani.

Tunatoka Tanga mjini na kufuata pwani kuelekea kusini. Tunapita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Tunapita Kigombe, kijiji cha wavuvi. Njiani tunaona minazi na mashamba ya mkonge. Baada ya kilomita 50 hivi tunafika Pangani, mahali mto unapoingia baharini. Ng'ambo ya mto ni Bweni. Mbele zaidi ni Ushongo, penye ufuko mzuri.

Zamani mgeni alishuka stendi na mzigo wake. Aliuliza, "Nitapata wapi chumba?" Kijana alimpeleka kwenye nyumba ya wageni, naye akapewa chochote. Mgeni alitazama chumba, akauliza bei, akalipa mkononi.

Siku hizi wageni wengi huchagua chumba wakiwa bado kwao. Wanatumia intaneti. Kampuni ya Booking.com ilianza Uholanzi mwaka 1996. Airbnb ilianza Marekani mwaka 2008. Vijana wawili wa mji wa San Francisco walipungukiwa fedha za kodi ya nyumba. Wakatandika magodoro ya upepo sakafuni, wakalaza wageni kwa malipo. Leo ukifungua simu utaona hata nyumba za Tanga, Pangani na Ushongo.

Jambo hili lina faida. Mwenye vyumba viwili anaweza kuonekana mbali, sawa na mwenye hoteli.

Lakini tupige hesabu. Tuseme mgeni analipa shilingi 60,000 kwa usiku mmoja. Kampuni ikichukua shilingi 15 katika kila shilingi 100, itachukua 9,000. Wewe utabaki na 51,000. Humo utoe kodi, maji, umeme, sabuni na ujira wa mfagiaji. Usipopiga hesabu hiyo mapema, utafanya kazi ya hasara.

Tena, mgeni akiondoka huandika maoni yake. Ukisema maji yapo kumbe hayapo, ataandika. Watu wa nchi nyingi watasoma. Kwa hiyo sema kweli tangu mwanzo. Kama barabara ina matope wakati wa masika, mwambie.

Na yule kijana wa stendi? Asikae bure. Mgeni bado anataka samaki, madafu, na mashua ya kwenda kisiwa cha Maziwe. Fedha hizo akilipwa mvuvi au mwenye mashua mwenyewe, zinabaki kijijini.

Kabla ya kuanza, nenda ofisi ya halmashauri ukaulize habari za leseni. Kisha soma masharti ya kampuni. Malipo yatafika siku gani? Mgeni asipokuja, hasara ni ya nani? Usibonyeze neno "Nakubali" kabla hujaelewa.

Umejifunza kusoma, ndugu. Hapa ndipo kusoma kunapolinda mali yako.