Saa Nne ya Jua Juu ya Noonkopir

Hapa Noonkopir, jua halipinduki saa sita kamili. Saa zetu hufuata longitudo ya digrii 45 Mashariki, mstari usiogusa hata mpaka wa Kenya, ilhali Kitengela iko karibu na digrii 37. Kila digrii ni dakika 4. Kwa hiyo, kwa wastani, jua hupinduka hapa saa sita na dakika 32. Mwanzoni mwa Novemba hutangulia, likapinduka saa sita na robo hivi. Katikati ya Februari huchelewa hadi karibu saa saba kasorobo. Waislamu wa mji huu hawahitaji somo hili, maana ratiba ya swala ya adhuhuri huwaonyesha tofauti hiyo mwaka mzima.

Je, setilaiti nayo ihesabu saa ipi? Landsat 9, iliyorushwa tarehe 27 Septemba 2021, huizunguka dunia kwa dakika 99, kimo cha kilomita 705. Kwa siku yetu moja, yenyewe huona macheo na machweo zaidi ya mara 14! Wahandisi waliamua kuhesabu saa ya jua ya mahali inapovuka ikweta upande wa mchana: saa nne na dakika 12 hivi asubuhi. Kwa saa zetu za mkononi huku Kitengela, hiyo ni kama saa nne na dakika 40.

La ajabu ni kwamba zamu hiyo hailindwi na injini pekee. Dunia imetuna kiunoni, na mvuto wa uvimbe huo huisogeza njia ya setilaiti upande wa mashariki takriban digrii moja kila siku, sawa na mwendo wa jua la wastani. Injini husahihisha tu.

Jambo hili si la wanaanga peke yao. Uwanda wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, umekatwakatwa viwanja na nyua, na picha za angani ni miongoni mwa ushahidi wa malisho yaliyotoweka. Lakini picha mbili hulinganishwa kwa haki iwapo jua lilikuwa pamoja. Landsat 5, iliyorushwa mwaka 1984, ilifika katikati ya miaka ya 1990 ikipita mapema kuliko zamu yake, vivuli vikarefuka. Asiyeiangalia saa yaweza kumdanganya kivuli, akadhani nchi imebadilika.

Hapo ndipo Kiswahili kinaponifurahisha. Mzungu akisema kumi, sharti utoe sita ndipo ujue jua limepanda kwa muda gani. Sisi tukisema saa nne ya jua, karibu na ikweta, tumekwisha kusema: saa nne tangu macheo. Zidisha kwa 15, upate digrii 60, ambazo ndizo kimo cha jua siku za mlingano wa usiku na mchana, Machi na Septemba.

Hata hivyo, tafsiri nyingi huandika "saa nne asubuhi" na kuishia hapo, zikiuacha ule upungufu wa nusu saa bila jina. Napendekeza istilahi mbili: saa ya jua, na saa ya serikali. Wahadhiri wetu wa istilahi na wazipime.