Jumamosi Ile ya Ann Arbor

Kabla ya mechi yenyewe, niseme kwanza imani yetu ilitoka wapi. Msimu wa 2006 timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoko Ann Arbor, ilishinda mechi 11 mfululizo, ikaja kufungwa na mahasimu wetu Ohio State pointi 42 kwa 39, siku moja tu baada ya kufariki kwa Bo Schembechler, kocha aliyeijenga Michigan tuliyoijua. Msimu ulipokwisha, Chad Henne, Mike Hart na Jake Long walikuwa na nafasi ya kwenda kucheza kwa malipo. Wakakataa. Walirudi kumaliza mwaka wao wa mwisho kwa sababu walikuwa hawajawahi kuifunga Ohio State, na kwa sababu waliutaka ubingwa wa taifa. Nimeishi Marekani miaka mingi na sijaona tena mji mzima ukiwapenda vijana watatu namna ile.

Msimu wa 2007 ulianza tarehe 1 Septemba, nyumbani, tukiwa nafasi ya tano kitaifa. Mgeni alikuwa Appalachian State, chuo cha mji mdogo wa Boone, kwenye milima ya North Carolina. Wao walicheza daraja la chini ya letu, ambako wakati huo timu iliruhusiwa kuwalipia masomo wachezaji 63, wakati daraja letu liliruhusu 85. Mechi za aina hii ni biashara inayoeleweka: chuo kikubwa hukilipa kidogo kije ugenini, kifungwe, kirudi na fedha za kuendeshea michezo yake. Appalachian walilipwa dola 400,000. Walikuwa mabingwa wa daraja lao 2005 na tena 2006, lakini wiki ile watu wa Ann Arbor waliizungumzia Oregon, iliyokuwa inakuja Jumamosi ya pili.

Mpira ulianza saa sita mchana, jua kali, watu zaidi ya 109,000 uwanjani. Hart alifunga mapema na uwanja ukaimba. Dakika chache baadaye Dexter Jackson akapokea pasi fupi katikati, akawapita walinzi wetu wote, akakimbia mpaka mwisho: yadi 68. Hapo nilidhani ni bahati. Haikuwa bahati. Kwotabeki wao, yaani mrushaji mkuu wa mpira, Armanti Edwards, mwembamba na mwepesi, alikuwa akikimbia pale tulipodhani atarusha na kurusha pale tulipodhani atakimbia, na walinzi wetu wakubwa walibaki wakihema. Kufika mapumziko walikuwa na 28, sisi 17. Kelele za uwanja ule ninazijua. Mchana ule niliweza kusikia makocha wa Appalachian wakiitana upande wa pili.

Hart, aliyekuwa ameumia paja, alirudi kipindi cha pili akicheza kwa kuchechemea. Ikiwa imebaki takriban dakika nne na nusu alikimbia yadi 54, akakata kushoto, akakata kulia, na tukaongoza 32 kwa 31. Jumla alikimbia yadi 188 siku ile. Sijawahi kumwona mchezaji akifanya kazi kubwa zaidi katika mechi iliyopotea.

Na ilipotea kwa vipande vidogo. Mara mbili tulijaribu kuongeza pointi mbili baada ya kufunga, mara mbili tukashindwa. Tulipiga teke la pointi tatu ambalo lingetuweka salama, wakalizuia. Kisha Appalachian, bila hata nafasi moja ya kusimamisha saa, wakavuka uwanja kwa muda wa zaidi kidogo ya dakika moja, na Julian Rauch akapiga teke lake zikiwa zimebaki sekunde 26. 34 kwa 32. Hata hapo tulikuwa hai: Henne alirusha mpira mrefu, Mario Manningham akaudaka, yadi 46, sekunde sita zimebaki. Teke la yadi 37. Kila mtu alisimama. Corey Lynch akapenya ubavuni, akaupiga mpira kwa mwili wake, akauokota na kukimbia nao hadi saa ikaisha.

Haikuwahi kutokea timu ya daraja lile kuifunga timu iliyo kwenye orodha ya 25 bora ya shirika la habari la AP. Orodha mpya ilipotoka, sisi wa tano hatukuwamo kabisa. Wiki iliyofuata Oregon wakaja, wakatufunga 39 kwa 7.

Nyakati zile niliacha kuvaa fulana yangu ya manjano na bluu. Kazini nilizima redio gumzo la michezo likianza. Mzee mmoja wa Moshi, aliyetutangulia sana katika nchi hii, alinikuta msibani nikiwa kimya, akaniambia, "Pole, mwanangu. Walikuja kucheza, wamecheza." Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam hakuelewa. "Kaka, timu ya chuo ndiyo inakunyima usingizi?" Yeye ni Simba wa damu. Desemba 2018, Mashujaa ya Kigoma, timu ya daraja la chini, ilipoitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho, alinipigia na hatukuhitaji kuelezana chochote.

Watu husema ushindi hufuta. Mwaka 2014 tuliwaalika tena Appalachian tukawafunga 52 kwa 14, na nilitoka uwanjani nikiwa na uchungu uleule, kwa sababu waliofungwa hawakuwa wale na waliofunga hawakuwa wale. Hata ubingwa wa taifa wa Januari 2024, tulipoifunga Washington 34 kwa 13 kule Houston, ulinifurahisha kwa njia nyingine. Usiku ule Michigan ilikimbia yadi 303, na kocha wa wakimbiaji alikuwa Mike Hart. Nilimtafuta kwenye televisheni kuliko nilivyowatafuta wachezaji. Alichorudia chuoni mwaka 2007 alikipata akiwa na umri wa baba, pembeni mwa uwanja.

Kinachonisumbua sasa ni jinsi watu wanavyopiga hesabu. Kizazi kile cha Henne, Hart na Long hakikuifunga Ohio State hata mara moja, na jina lake limefungwa kwenye mpira mmoja uliozuiwa. Hiyo si haki. Baada ya mechi mbili za aibu vijana walewale walishinda nane mfululizo. Kocha wao, Lloyd Carr, alitangaza kustaafu, na tarehe 1 Januari 2008, kule Orlando, walikutana na Florida ya Tim Tebow, mchezaji bora wa mwaka. Henne alirusha yadi 373. Waliwafunga 41 kwa 35, wakambeba kocha wao mabegani. Wanafunzi wa siku hizi wakijua nilikuwepo siku ya Appalachian huniomba niwasimulie. Ninawasimulia yote, teke kwa teke, na sinyamazi mpaka nimewafikisha Orlando.