Chuma Kilichosikia Wingu

Mama mwenye nyumba wangu kule Oslo alikuwa na redio ya mbao aliyoitunza kama yai, na usiku ule aliinuka mara mbili kuipiga kofi. Alidhani imeharibika. Okestra ilikuwepo, ndiyo, lakini ndani yake mlikuwa na sauti nyingine zisizotoka kwenye ala yoyote: watu wanaimba mbali, kana kwamba wako chini ya maji. Mara ya tatu akaizima kabisa. "Ni yule Nordheim," akasema, akarudi kwenye ufumaji wake. Kwa jinsi alivyolitamka jina hilo nikajua kesi ya mtu huyo ilikwisha hukumiwa zamani katika nyumba ile.

Ilikuwa Novemba 1971. Nilikuwa na miaka 26, mwalimu wa wasioona kutoka Dodoma, nimepelekwa Norwei kwa ufadhili wa mwaka mmoja, na bado sijazoea giza linaloingia saa kumi jioni. Kesho yake nikauliza chuoni. Nikaambiwa ni Arne Nordheim, mtunzi, mzaliwa wa Larvik, mji wa bandari kusini mwa nchi, mwaka 1931. Kipande kilichomkera mama kiliitwa *Epitaffio*, cha mwaka 1963, alichokitunga kumkumbuka mpiga filimbi Alf Andersen aliyefariki angali kijana. Zile sauti za chini ya maji ni kwaya iliyorekodiwa kwenye kanda, inaimba shairi fupi la Mwitaliano Salvatore Quasimodo. Kumbe tulikuwa tumezima matanga ya watu.

Mimi ni Mgogo. Kwetu ilimba, ala yetu ya muziki, haikamiliki mpaka ubao wake utobolewe, na matundu yake yafunikwe utando wa buibui, ili kila noti itoke na mvumo wa kukwaruza. Fundi anaweza kupoteza siku nzima akitafuta utando unaofaa. Kwa hiyo sauti "chafu" haikunitisha kama ilivyomtisha yule mama, aliyelelewa na piano ya shangazi yake. Lakini nisijisifu. Muziki wenyewe sikuuelewa. Nilichoshika ni kwamba mtu yule alikuwa akitafuta utando wake.

Safari ya Storedal ilikuja Mei iliyofuata. Tulikwenda wanafunzi wachache, nami nilikuwa nimemshika mkono mwenzangu, mwalimu kutoka Singida, ambaye alipoteza macho akiwa mdogo kwa surua. Alinizidi umri kidogo, nikimwita Kaka, naye akiniita Mwalimu hata tulipokuwa tukigombana. Storedal ni shamba lililoko Skjeberg, kusini mashariki mwa Oslo. Mwenye shamba, Erling Stordahl, alikuwa mwimbaji maarufu nchini mwao, naye pia hakuona. Ndiye aliyeanzisha mbio za kuteleza kwenye theluji za watu wasioona, kisha akaanzisha kituo cha afya na michezo cha Beitostølen mwaka 1970. Shamba lake alikuwa amelifanya bustani: mimea ya kunusa, njia za kutembea bila hofu, na kumbukumbu ya Mfalme Magnus, ambaye mwaka 1135 mpinzani wake wa kiti alimteka akamtoboa macho. Kaka aliguna tulipoelezwa habari hiyo. "Wafalme wa Ulaya nao," alisema.

Katika bustani ile ndimo ilimosimama *Ode til lyset*, yaani utenzi kwa mwanga. Ni sanamu ya chuma, kazi ya mchongaji Arnold Haukeland ya mwaka 1968, na sauti zake ni za Nordheim. Ndani yake mna seli zinazohisi mwanga. Jua likiwaka, sauti huenda namna moja. Likififia, huenda namna nyingine. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa, nami niliandika kwenye daftari bila kuamini sana, maana wenyeji wetu walikuwa wepesi wa kusifia vitu vyao.

Kaka aliweka kiganja kwenye chuma akatulia. Sauti ilikuwa kama kengele zinazoburutwa taratibu, kisha chini yake mngurumo mwembamba. Mimi nilikuwa nikitafuta waya zinakopita, ndiyo tabia yangu. Akasema, "Wingu."

Nikatazama juu. Ukingo wa wingu ulikuwa ndiyo kwanza unaligusa jua.

Nilimbishia. Nilimwambia umehisi ubaridi usoni, kila asiyeona anajua jua liko wapi. Hakujibu. Alivua skafu, akajizungushia uso mzima mpaka akafanana na mgonjwa wa meno, akaingiza mikono mifukoni, akasema tungoje. Upepo ulikuwa unasukuma mawingu madogo madogo, mazuri kwa jaribio. Tulisimama pale karibu nusu saa, wenzetu wakitupigia kelele kwamba kahawa inapoa. Alipatia mara nne, akakosea mara moja, na hata hiyo moja alidai kosa ni la mashine. Kisha akafungua skafu, akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Usiku kinasema nini?" Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Basi letu lilikuwa linaondoka saa kumi na moja.

Baada ya hapo nilimfuatilia Nordheim kama mtu anayefuatilia kesi ya jirani. Norwei haikuwa na studio ya kumtosha, kwa hiyo tangu 1967 alikuwa akisafiri hadi Warszawa, kwenye studio ya majaribio ya Redio ya Poland iliyoanzishwa mwaka 1957. Siku zile watu walikimbia kutoka upande ule kwenda huku. Yeye alivuka kwenda kule, kisa kanda. Huko alifanya kazi na fundi aitwaye Eugeniusz Rudnik, na huko alitengeneza *Solitaire*, iliyosikika mwaka 1968 wakati wa kufunguliwa kwa kituo cha sanaa cha Henie Onstad, karibu na Oslo. Hii kazi ya kanda niliielewa mikononi kabla ya masikioni. Nyumbani tulikuwa tukirekodi vitabu kwa ajili ya wanafunzi wetu, na msomaji akikosea, nilikata utepe kwa wembe, mkato wa mshazari, nikaunga kwa utepe wa kunata. Ukikata wima, kiungo kinapiga "tak!" Ukikata mshazari, sauti moja inaingia ndani ya nyingine bila kugonga mlango. Nordheim alikuwa akiishi ndani ya mkato ule wa mshazari.

Habari iliyompendeza Kaka kuliko zote ni ya Osaka. Kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, Nordheim aliweka kazi iitwayo *Poly-Poly* katika banda la nchi za Skandinavia: kanda sita zilizofungwa kama pete, kila moja na urefu wake, zote zinazunguka pamoja bila kukoma. Kwa kuwa urefu haulingani, kila mara zinakutana mahali papya. Ilisemwa ingechukua miaka 102 kabla ya mkutano wa kwanza kurudi ulivyokuwa. Nilimsomea hayo gazetini, kwa Kinorwei changu cha kuungaunga. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, si ni KDS hiyo!" Kigawe kidogo cha shirika, somo alilolifundisha darasa la sita kwa mbegu za ubuyu. Maonyesho yalidumu miezi sita tu.

Mwaka huohuo wa 1972 Nordheim alipata tuzo ya muziki ya Baraza la Nordiki kwa utunzi uitwao *Eco*. Mama mwenye nyumba alilisoma gazeti lote, akalikunja. "Haya," akasema. Redio aliendelea kuizima.

Nilirudi nyumbani na kinasasauti na wazo. Nilizunguka nikirekodi treni ya reli ya kati ikiingia stesheni, mvua juu ya bati, mtwangio wa mtama, nikazikata na kuziunga ili watoto wasikilize na kubishana. Ofisa mmoja wa elimu aliniuliza kelele hizo ziko kwenye muhtasari wa somo lipi. Sikuwa na jibu, na miaka miwili baadaye mashine ikameza kanda za mwisho zilizobaki. Watoto wale leo ni wazee. Mmoja aliniambia majuzi bado anaikumbuka treni.

Oslo nilirudi mara moja tu, mwaka 1994, kwenye mkutano. Jioni nilipita kando ya bustani ya kasri, pale ilipo nyumba iitwayo Grotten. Wergeland, mshairi wao mkubwa, ndiye aliyeijenga. Sasa hupewa msanii mmoja kuishi maisha yake yote kwa heshima ya taifa. Tangu 1982 alikuwemo Nordheim, yule yule aliyepigiwa redio makofi. Dirisha moja lilikuwa na taa. Nilisimama hapo kidogo, nikaona naanza kutazamwa na polisi, nikaondoka.

Alifariki Juni 2010, akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 79. Nilipopata habari nikampigia Kaka simu Singida. Alikaa kimya, nikadhani laini imekatika.

"Tangu sabini," akasema, "weka mia na mbili."

"Elfu mbili sabini na mbili."

"Basi walizizima mapema sana."

Halafu akaniuliza alizeti huko Dodoma inauzwaje gunia.