Seva za mbali, wachezaji wa karibu

Leo tuzungumzie seva za michezo ya mtandaoni. Natengeneza mchezo mdogo wa mbio za matatu, na wachezaji wangu wengi ni vijana wa Meru na Embu.

Wengi hudhani ukishakodi seva za wingu kazi imekwisha: wachezaji wakiongezeka, seva zinaongezeka zenyewe. Sawa, lakini wingu huongeza nguvu tu, halipunguzi umbali. Kijana yuko Meru, mwenzake yuko Embu, na seva iko Cape Town, ambako Amazon ilifungua vituo vyake vya wingu mwaka 2020. Kila mmoja akikata kona, taarifa inakwenda Afrika Kusini kwanza. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Nairobi hadi Cape Town ni zaidi ya kilomita 4,000 hata ukipiga mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 40 na ushee, na waya wenyewe haujanyooka hivyo. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009 tulitegemea sana satelaiti, karibu nusu sekunde kwenda na kurudi. Kwa drafti si neno. Kwa matatu, umeshaingia mtaroni!

Basi kazi nimeigawa mara mbili. Kujisajili, kutafutiwa mpinzani na kuhifadhi alama viko Cape Town, maana havina haraka. Mbio zenyewe ziko kwenye mashine nilizokodi Nairobi, ambako mitandao ya humu nchini hubadilishana data kupitia KIXP bila kuitoa nje.

Mashine hizo nazilipia mwezi mzima, hata zikilala, na pesa inatoka mfukoni mwangu. Kwa hiyo nimekodi chache. Shule zikifungwa zinajaa, na mbio zinazozidi zinafunguliwa Cape Town. Msongamano ukipungua, seva ya ziada siizimi ghafla, kwa sababu mbio zinazoendelea zimo kwenye kumbukumbu yake. Naifungia wachezaji wapya, walio ndani wanamaliza, ndipo naizima.

Kijana aliyenunua bando la shilingi ishirini akishindwa kwa sababu ya seva, harudi. Kwa hiyo pima umbali kwanza, idadi ya seva baadaye.