Michoro ya Fundi wa Nyarugusu

Fundi wa Nyarugusu, mkoani Geita, bahari huisikia redioni tu. Hutengeneza mashine za kutafutia dhahabu, na vumbi la makarasha halimwishi mezani. Ubao wa saketi ukiungua huuchora upya. Michoro ya miaka mingi aliihifadhi katika programu ya EAGLE. Mwaka 2023 wenye programu hiyo, Autodesk, wakatangaza kuwa wataisitisha Juni 2026. Jasho la huyu, ufunguo wa yule!

Akageukia programu huria, akajikuta njia panda. gEDA ilimpendeza kwa unyofu wake: vijiprogramu vingi, kila kimoja na kazi yake; ila waiendelezao wamepungua mno. KiCad, aliyoianzisha Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, huweka mchoro na ubao chini ya paa moja, na tangu toleo la 5 la mwaka 2018 husoma michoro ya EAGLE. Wala haidai intaneti kila ifunguliwapo, jambo si dogo machimboni.

Akaichagua KiCad. Mchoro wa kwanza ulifunguka salama. Katika wa pili maandishi yalikuwa yamehama, naye akainama kufuata njia za shaba moja moja, mchimbaji akingoja mlangoni.